Majani ya Bibi wa Bonde la Ukungu

Pyo Man-sik aliingia soko kuu la mboga la Garak saa nne asubuhi akiwa amevaa suti, tai, na njaa ya siku mbili. Suti ilikuwa imepigwa pasi. Tai ilikuwa ya hariri, au ya kitu kinachofahamiana na hariri. Njaa ndiyo pekee iliyokuwa halisi, haina chembe ya kughushi.

Tuseme ukweli mapema, kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuusema kwa namna yake. Man-sik alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kuwauzia watu vitu visivyokuwepo, au vilivyokuwepo lakini havifanyi alichosema. Alishauza magodoro ya sumaku ya kuondoa kisukari, maji ya kurefusha watoto, na hisa za bandari katika mkoa usio na bahari. Ungetarajia mtu kama huyo awe tajiri. Hata yeye alikuwa akilitarajia hilo kwa miaka thelathini. Tatizo ni kwamba kila alichokivuna kwa wajinga alikipeleka kwa wajanja wenzake, maana hakuna mtu mwepesi wa kuingizwa mjini kama tapeli anayejiona mwenye mji. Hizo hisa za bandari, kwa mfano, alianza kununua yeye.

Sasa alikuwa amepanga chumba chenye nafasi ya kitanda, koti moja na majuto machache yaliyokunjwa vizuri. Kwenye nyumba hiyo wapangaji walijipakulia wali na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, jikoni bila malipo, na Man-sik alikuwa ameishi kwa wali huo wiki tatu, mpaka mama mwenye nyumba alipoufungia kabatini na kubandika karatasi mlangoni: "Wali ni wa wanaolipa kodi." Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja.

Jijini zilikuwepo sehemu za kugawa chakula cha bure, naye alizijua zote. Lakini kupanga foleni na bakuli mkononi, mtu aliyewahi kuitwa Mkurugenzi na watu mia tatu katika ukumbi wa hoteli? Hapana. Bora afe, akajiambia, na kwa jinsi tumbo lilivyokuwa likinguruma, pendekezo hilo lilionekana limeshapitishwa. Ndipo akachukua kabrasha tupu, akalishika kwapani kama mkaguzi, akaenda sokoni.

Ulikuwa mwisho wa Novemba, msimu wa kila nyumba kutengeneza kimchi ya majira ya baridi. Malori yalimwaga kabichi kama vilima. Wachuuzi walikata shina, wakabandua majani ya nje, wakayatupa sakafuni, na majani yakalundikana hadi magotini, mazima, ya kijani, yenye umande, yakisubiri mashine ya kufagia. Man-sik alitazama kushoto, akatazama kulia, akaandika kitu cha uongo kwenye kabrasha, kisha akainama na kuokota jani kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota ushahidi. Akalitia mdomoni. Likawa tamu kiasi kwamba alisahau kutazama kushoto na kulia mara ya pili.

"Kijana," ikasema sauti kutoka chini. "Wewe ni mkaguzi, au una njaa?"

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, kama wa miaka themanini, amechuchumaa katikati ya rundo na gunia mgongoni. Nyuma yake wenzake watatu walikuwa wakiokota majani kwa kasi ya watu wanaong'oa magugu. Jina lake lilikuwa Bibi Gwak.

"Mkaguzi," alisema Man-sik, akimeza.

"Mkaguzi wa kweli angeokota lililooza ili apate la kutusumbulia. Wewe umechagua la ndani, laini."

"Kusema kweli, bibi, mimi nafuga sungura."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

Bibi Gwak alimtazama mdomoni, palipobaki kipande cha kijani kati ya meno mawili. "Naona wa kumi na tatu ameshaanza."

Hata hivyo hakumkaripia. Alipanga majani mazuri, akayafunga kwa kamba ya majani ya mpunga, fundo la mizunguko mitatu na kitanzi pembeni, akamtupia. "Yaning'inize penye upepo. Yakikauka yatakaa mpaka kiangazi. Na waambie hao sungura wayachemshe na soya iliyochachushwa, matumbo yao yatashukuru."

Man-sik alirudi chumbani akatundika fungu dirishani. Jirani wa chumba cha pili akamkopesha jiko na kijiko cha soya, na jioni hiyo sungura wa kumi na tatu alishiba kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Kesho yake akarudi sokoni na habari kwamba sungura wake wamefurahi sana. Bibi Gwak akampa mafungu mengine. Kufikia wiki ya pili dirisha lilikuwa halipitishi mwanga.

Fursa, kama alivyopenda kusema yeye wakati akiwa bado na watu wa kumsikiliza, humjia aliye tayari. Ilimjia akiwa hajajitayarisha hata kidogo, soli ya kiatu inapiga makofi kila hatua, akipeleka mafungu mawili kwa fundi aliyekubali kushona kiatu kwa malipo ya majani. Alipokuwa akipita mbele ya majumba marefu yaitwayo Kasri la Anga, mwanamke mmoja alimsimamisha. Alikuwa na mbwa mdogo aliyevaa koti. Man-sik aligundua kwamba koti la mbwa lilikuwa zito kuliko la kwake.

"Samahani bwana. Hayo si majani ya milimani? Mama mkwe wangu alikuwa akiyatundika hivyo hivyo. Aliishi miaka tisini na minne na hakuwahi kufunga choo."

Ulimi wa Man-sik haukuwa na tabia ya kusubiri ruhusa ya kichwa. "Mheshimiwa ana jicho," ulisema. "Watu elfu wamepita wakaona takataka. Haya yanatoka Bonde la Ukungu. Kuna bibi kule ana miaka tisini na saba, anakula haya tu, na meno yake yote yapo."

"Yote?"

"Anavunja karanga nayo, mheshimiwa. Mimi mwenyewe naogopa kukaa karibu."

Huyo alikuwa Madam Cha, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa Kasri la Anga. Alikuwa na uwezo wa kula chochote duniani, na kwa sababu hiyo hakukiamini chakula chochote. Nyama ilimtia hofu ya moyo, samaki hofu ya zebaki, wali hofu ya kiuno. Alichokuwa akikitafuta miaka yote ni chakula ambacho maskini anakila kwa bei ambayo maskini haiwezi. Man-sik alimtajia bei. Ilikuwa bei ya aibu. Madam Cha alinunua mafungu yote mawili, akaomba mengine sita kwa ajili ya wenzake, na fundi viatu akangoja mpaka akachoka.

Biashara ikashika moto. Man-sik alichapisha maboksi ya karatasi laini yenye picha ya mlima: Majani ya Bibi wa Bonde la Ukungu. Kila alipotaka kupandisha bei alisema ukungu mwaka huu ni hafifu. Alilipa kodi, wali ukamrudia, akanunua koti lenye mfuko wa siri kifuani, na mfuko ukaanza kunenepa. Asubuhi alikuwa sokoni kama kawaida, akiwa na sura ya huzuni.

"Wamezaa, bibi. Sasa ni arobaini."

"Baridi yote hii?"

"Chumba kina joto."

Bibi Gwak alifunga mafungu, akamtupia. Lakini yeye, mbali na majani, aliokota pia maboksi kwa ajili ya kuuza, na Jumanne moja, siku ya wakazi wa Kasri la Anga kutoa taka za karatasi, alikuta boksi zuri lenye picha ya mlima. Ndani ilibaki kamba ya majani ya mpunga. Fundo la mizunguko mitatu, kitanzi pembeni.

Jioni hiyohiyo aligonga mlango wa Man-sik, akaingia, akaketi kitandani kwa sababu hapakuwa na pengine. Mwenye chumba ilibidi asimame mlangoni.

"Siku hizi sungura wako wanakaa ghorofa ya thelathini na mbili?"

Man-sik alifungua mdomo, akatafuta uongo, akakuta ghala tupu. Ilikuwa hali ngeni kwake. "Bibi," alisema, "tugawane nusu kwa nusu."

"Nusu ya nini? Ya taka?"

"Basi unataka nini?"

"Bado sijajua. Nikijua utasikia." Akainuka, akatazama dirisha lililojaa mafungu yake mwenyewe, akatoka.

Man-sik hakulala vizuri. Anayetaka pesa alimweza, kazi yake yote ilikuwa hao. Mtu asiyesema anachotaka hakujua amshike wapi.

Siku tatu baadaye, balaa la pili. Madam Cha alimwita kwenye ukumbi wa chama, akina mama wanane wakiwa wameketi mstari mmoja kama baraza la mtihani.

"Tumeamua," alisema Madam Cha. "Tunakwenda kumwona Bibi."

"Barabara ni mbaya sana, mheshimiwa."

"Tumekodi basi dogo lenye magurudumu ya theluji."

"Bibi hapendi wageni. Hukaa kimya siku nzima akitafakari."

"Tutatafakari naye."

"Na juzi alikohoa..."

"Waume wa wawili kati yetu ni madaktari. Jumamosi, saa tano."

Man-sik alitoka hapo akihesabu siku. Alihitaji bibi wa miaka tisini na saba kufikia Jumamosi, na katika maisha yake alimjua mmoja tu aliyekaribia. Sokoni hayupo. Wenzake wakamwelekeza kwenye ukumbi wa wazee nyuma ya kituo cha mabasi.

Alimkuta akikoroga sufuria kubwa juu ya jiko dogo la gesi. Ukumbini walikuwa wameketi wazee kama sitini, makoti mwilini, mabakuli mbele yao. Jiko lenyewe la ukumbi lilikuwa limefungwa tangu mwezi uliopita, mfadhili amekwenda kufadhili kwingine, na tangu hapo wale mabibi wanne walikuwa wakiwapikia wenzao kile walichokiokota. Supu ya majani ilikuwa nyepesi, unaona chini ya bakuli. Mzee mmoja alikuwa akiinywa taratibu sana ili isiishe.

Man-sik alielewa, na hakupenda kuelewa. Kila fungu alilopewa kwa ajili ya sungura lilitoka kwenye sufuria hii. Alitazama dari. Dari ilikuwa na doa la maji, akalitazama kwa makini kama mtu mwenye nia ya kulinunua. Alijua majina mengi ya kujiita katika hali kama hiyo, na siku hiyo alijiita karibu yote, kimyakimya, bila kujipunguzia.

Hata hivyo alikuja kwa shida yake, akaieleza.

Bibi Gwak hakuacha kukoroga. "Nitakuwa bibi yako," alisema. "Mwenzangu Bibi Maeng ana nyumba ya marehemu kaka yake huko milima ya Yangpyeong, haikaliwi. Ila sikiliza. Bibi hashiki pesa. Waambie walete chakula."

"Chakula? Bibi, hawa wana pesa kama..."

"Mtu wa mlimani anayepokea pesa ni muuza duka. Akikataa pesa, ndipo wanapomwamini. Au nakosea?"

Man-sik alimtazama kwa heshima ya kikazi. Hakukosea hata kidogo. Chakula angekiuza kwa bei ya jumla siku hiyohiyo. Kisha, wakati wamelainika kwa supu na hewa ya mlima, yeye mwenyewe angesimama na kutoa hotuba ya kuanzisha Mfuko wa Kulinda Bonde. Hapo ndipo pesa yenyewe ingekuwa. "Bibi," alisema, "ungeingia kazi hii mapema ungekuwa hatari."

"Nimeuza samaki sokoni miaka arobaini. Unafikiri nilikuwa nafanya nini?"

Jumamosi basi lilifika saa tano kamili. Akina mama wanane walishuka wakiwa na fimbo za kupandia mlima, miwani ya theluji na mavazi ya rangi kali, ingawa kutoka kwenye basi hadi barazani palikuwa na hatua ishirini. Nyuma yao dereva akashusha mchele magunia kumi na mawili, mapeasi, mafuta, mwani, samaki wa makopo, na mapaja ya ng'ombe yaliyofungwa kwa utepe. Man-sik alihesabu kwa macho, akameza mate.

Bibi Gwak alikuwa barazani, mto mmoja chini, blanketi mabegani. Alivyopendeza! Aliwakaribisha kwa kutikisa kichwa tu. Aliwapa supu, wakanywa, wakafumba macho.

"Bibi," alinong'ona Madam Cha, "ni kweli meno yako yote yapo?"

"Yote ninayo," alisema Bibi Gwak, na hakusema uongo. Baadhi yalikuwa mdomoni, mengine mfukoni.

Wakati ulikuwa umeiva. Man-sik aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akakohoa kidogo kikohozi kilichowahi kutikisa kumbi. Hotuba hii alikuwa ameifanyia mazoezi siku tatu mbele ya kioo, na mara mbili kioo kililia. Akavuta pumzi.

Bibi Gwak aliinua mkono.

"Msimsubiri huyu aseme. Leo alfajiri mwanangu ameweka nadhiri. Siku mia moja hatatamka neno."

Akina mama walishusha pumzi kwa pamoja. Man-sik alibaki na mdomo wazi.

"Alikuwa na ulimi mwepesi," aliendelea Bibi kwa upole. "Umemponza maisha yote. Mwenyewe amelia hapa nilipo, akaniomba. Na kwa kuwa majani haya yamepita mikononi mwake, akivunja nadhiri, yote mliyokula yataharibika tumboni."

"Usiseme!" alipiga kelele mama mmoja, mkono tumboni. "Bwana Pyo, tafadhali, usiseme!"

Man-sik alimtazama Bibi Gwak, akawatazama akina mama, akapiga hesabu za haraka. Akisema kwamba Bibi ni mwongo, Bibi si wa Bonde. Kama Bibi si wa Bonde, majani ni ya sakafu ya soko. Na hapa walikuwepo akina mama wanane wenye fimbo za chuma. Alifunga mdomo. Meno yaligongana kwa sauti iliyosikika hadi kwenye basi.

"Tazama anavyopambana," alisema Madam Cha, machozi yakimtoka.

"Sasa chakula hiki," alisema Bibi Gwak. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kawaida, ya mtu anayesimulia mtaani kwake. "Kisilale hapa. Mjini, nyuma ya kituo cha mabasi, wapo wazee sitini. Mmoja alifundisha shule, mmoja ameshona nguo za watu mpaka macho yakafa. Mchana wanakula majani haya haya. Nyinyi mnayala kama dawa, wao wanayala kwa sababu hakuna kingine. Kimoja cha vitu vibaya vya uzee ni kunywa supu polepole ili jirani asijue umemaliza. Naomba kiende kwao."

Mama mmoja aliyekuwa na fimbo ya gharama kuliko zote aliiegemeza ukutani, kama aliyeona aibu nayo.

Kisha ukasikika mlio kutoka barabarani: "Vitunguu! Vitunguu vitamu!" Lilikuwa lori la Bibi Maeng, mwenye miaka sabini na miwili, aliyeuza vitunguu barabarani miaka thelathini na hajawahi kujua kuzima kipaza sauti chake. Alirudi nyuma mpaka barazani, akateremka, akafungua bodi ya nyuma.

Magunia hayajipakii. Akina mama walimtazama Man-sik, na Man-sik akabeba. Alibeba mchele wake, mapeasi yake, na mapaja ya ng'ombe yake yenye utepe, moja baada ya jingine, jasho likimtoka, akina mama wakimpiga picha. Kila alipopita karibu na Bibi Gwak alimtolea macho. Bibi alimtikisia kichwa kwa upendo.

"Na lile jingine," alisema Bibi gunia la mwisho lilipopanda. "Kwenye mfuko wa kifuani. Faida yote ya majani. Aliniambia hataki hata sarafu moja ibaki."

Man-sik alishika kifua kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka tai ikamrukia begani.

"Hataki kusifiwa!" alisema Madam Cha. "Jamani, unyenyekevu huu!" Akaja mwenyewe, taratibu, kama anayemvua mtoto koti, akaitoa bahasha na kumkabidhi Bibi kwa mikono miwili. Kisha akainama mbele ya Man-sik. Wote wanane wakainama. Hakuna tapeli aliyewahi kuibiwa kwa heshima kubwa namna hiyo, na ikiwa yupo, hajajitokeza kusema.

Basi liliondoka. Lori likafuata na Bibi Gwak ndani yake, likitangaza vitunguu hadi bondeni. Man-sik alibaki barazani, mfuko mtupu. Alisubiri mpaka sauti ya mwisho ipotee, kisha akafungua mdomo na kutamka maneno ambayo mlima ule haukuwa umeyasikia. Ndege waliruka. Alipomaliza kumtukana Bibi Gwak akaanza kujitukana mwenyewe, na hapo akagundua ana mengi zaidi ya kusema. Halafu akaona amechoka. Kwenye sufuria ilibaki supu. Akainywa yote, akasikia usingizi, akalala pale pale juani.

Aliamshwa na Bibi Maeng, aliyerudi na lori tupu. "Panda. Gwak anasema saa sita kesho uwe ukumbini, unapakua. Ukija unakula. Madam Cha amesema watakuja kila Jumanne kukutazama, na usipokuwepo tutawaambia ukweli."

Man-sik alikuwa na njia nyingi za kutoroka, na alizipitia zote njiani. Shida ni kwamba kila moja ilianza vizuri na kufika saa sita mchana bila chakula.

Basi alipakua. Januari nzima, Februari nzima, amevaa aproni juu ya suti, mtu aliyewahi kujaza kumbi kwa maneno alisimama nyuma ya sufuria bila kuweza hata kujitetea. Wazee walimgundua upesi. "Wewe bubu, chumvi!" "Wewe bubu, mbona yangu nyama moja?" Mzee Tak, aliyewahi kuwa mwalimu, alimsahihisha namna ya kushika upawa kila siku, na kila siku Man-sik akajibu kimoyomoyo jibu kali ambalo dunia imelikosa. Jumanne Madam Cha na wenzake walikuja na mchele, wakafunga aproni, wakamenya vitunguu huku wakimchungulia. Kuhusu Bibi kuonekana mjini, waliambiwa ameshuka mlimani kuilinda nadhiri ya mwanawe. Mchele uliendelea kuja. Supu ikawa nzito, ukaacha kuona chini ya bakuli. Mashavu ya Man-sik nayo yakajaa, jambo lililomkera, maana alikuwa akijiona mfungwa.

Lakini moyoni alikuwa na tarehe. Siku ya mia moja ilikuwa mwanzoni mwa Aprili. Siku hiyo akina mama wote wangekuja kusikia neno lake la kwanza, mikoba mikononi, macho yenye maji. Hotuba ya Mfuko wa Kulinda Bonde ilikuwa ingali kichwani, na kwa kuwa alikuwa na siku mia za kuipiga msasa bila kukatizwa, ilikuwa imekuwa kitu cha kutisha.

Siku ikafika. Akina mama ishirini na mmoja, safari hii, walisimama ukutani. Wengine walikuwa na maua. Wazee sitini walikuwa wameketi. Saa ya ukutani ikagonga saa sita. Madam Cha akaminya mikono kifuani. "Bwana Pyo," alisema kwa sauti ya kutetemeka, "sasa unaweza."

Man-sik alimtupia Bibi Gwak jicho, akitegemea mkono uinuke. Haukuinuka. Alikuwa akifuta sufuria.

Akaweka upawa chini. Akavuta pumzi ya siku mia. "Waheshimiwa—"

"Hotuba baadaye!" alipaza sauti Mzee Tak, akimfunika. "Supu inapoa!"

"Waheshimiwa, katika bonde moja lenye ukungu—"

Mzee Tak alikuwa tayari akigonga kijiko mezani. Jirani yake akagonga. Kabla Man-sik hajafika kwenye neno "mfuko" vijiko sitini vilikuwa vikigonga, na watu walioketi tangu saa tano bila kifungua kinywa hawakuwa na nafasi ya bonde lolote. Alipandisha sauti. Wakapandisha vijiko. Mdomo wake ulionekana ukienda, ukienda, na neno halikusikika hata moja. Aliwatazama. Katika miaka thelathini ya kazi, hajawahi kukutana na umati usiouzika kiasi hicho.

Akachukua upawa. Kelele zikakatika papo hapo.

"Amesema nini?" aliuliza Madam Cha nyuma yake, akiwa na kalamu na daftari. "Sikusikia. Neno la kwanza lilikuwa nini?"

"Ameuliza nani bado hajapata," alisema Bibi Gwak.

Madam Cha aliandika. Akapitisha daftari kwa wenzake, wakasoma, wakafungua mikoba, na kisanduku alichokishika Bibi Maeng kikaanza kujaa.

Man-sik aliyaona hayo yote kwa pembe ya jicho, akageuka kutaka kusahihisha. Lakini mbele yake alisimama bibi kizee mgeni, hajamwona kabla, bakuli amelinyoosha kwa mikono miwili.

"Majani mengi," Man-sik alimuuliza, "au mchuzi mwingi?"

"Vyote," alisema bibi kizee. "Na usinipunje. Sura kama yako naijua."